Mapanki Mbele ya Kamera

Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza na kando ya Ziwa Victoria. Inasimulia habari za sangara, samaki aliyepandikizwa humo enzi za mkoloni, na minofu yake inayosafirishwa Ulaya kwa ndege kubwa za mizigo. Iliwania tuzo ya Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo kelele zikapamba moto: Rais wa Tanzania wakati huo, Jakaya Kikwete, aliilaani, na huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon alidai kuwa baadhi ya matukio yake yalipangwa.

Picha iliyochoma watu zaidi ni ya mapanki, yaani kichwa na mifupa ya sangara aliyekwisha kutolewa minofu kiwandani. Wanawake wanayaanika kwenye chanja, wakitembea juu ya matope yenye funza. Moshi umetanda, na mmoja wao anaeleza jinsi hewa ya uozo ilivyomharibu jicho. Wakosoaji walisema mapanki hayo ni chakula cha mifugo tu. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Kweli mengine yalisagwa kulisha kuku, lakini mapanki yaliyokaangwa yalikuwa kitoweo cha watu wasiomudu bei ya samaki mzima, na halikuwa jambo la siri Mwanza.

Garçon alidai pia kwamba watoto wa mitaani walilipwa waigize. Sauper alimshtaki, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamtia Garçon hatiani kwa kumchafulia jina. Mwaka uliofuata rufaa yake ikagonga mwamba. Ugomvi wa namna hii haukuanzia kwetu. Mwaka 1936 Arthur Rothstein, mpiga picha wa serikali ya Marekani, alisogeza fuvu la ng'ombe hatua chache huko South Dakota ili apate picha nzuri ya ukame. Wapinzani wa Rais Roosevelt walilishikia bango fuvu hilo, ingawa ukame wenyewe ulikuwa ukiwaangamiza wakulima.

Ninacholaumu mimi katika filamu ya Sauper ni mshono. Ndege inaruka, watoto wanagombea wali, mtu anazungumzia silaha za vita vya Angola, na mtazamaji anaunganisha mwenyewe, ilhali hakuna sanduku hata moja la bunduki lililoonyeshwa likishushwa Mwanza. Kila kipande kinaweza kuwa cha kweli, lakini mpangilio wake ukadai jambo ambalo kamera haikuliona.

Tena kuna suala la ridhaa. Sauper mwenyewe ameeleza kuwa yeye na mwenzake walijifanya marubani na wapakiaji wa mizigo ya ndege ili waweze kupiga picha. Kuwahadaa wakubwa wa biashara ni jambo ninaloweza kulielewa. Lakini mtoto aliyelewa moshi wa plastiki, usiku, barabarani, ataridhiaje sura yake ionekane dunia nzima? Naye Richard Mgamba, mwandishi wa habari wa Mwanza aliyezungumza waziwazi ndani ya filamu, ndiye aliyekamatwa na kuhojiwa mwaka 2006, wakati mwenye filamu yuko Ulaya.