Shukrani Bila ya Majina: Askari na Wapagazi wa Vita vya 1914–1918

Katika barabara ya Nairobi iitwayo leo Kenyatta Avenue zipo sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928: askari wa King's African Rifles, mpagazi, na askari wa Kiarabu. Chini yake imeandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu ahadi kwamba mtu akifa vitani, wanawe watalikumbuka jina lake. Katika makala haya tunauliza ahadi hiyo ilitimizwa kwa kiasi gani.

Tuanze na yule wa Kiarabu, kwani yeye ni wa nyumbani kwetu. Vita vilipozuka, A. J. B. Wavell, Mwingereza aliyekwisha kwenda Makka na aliyekijua Kiarabu, aliandikisha kikosi Mombasa. Wengi wa watu wake walikuwa Mahadhrami, wale Washihiri tuliowazoea kwa kuuza maji na kupakua mizigo bandarini. Mwaka 1914 Wajerumani walipopanda pwani kutoka Tanga kuielekea Mombasa, kikosi hiki kilikuwa miongoni mwa waliowazuia upande wa Gazi. Januari 1916 Wavell aliuawa Mwele, nyuma ya Kwale, pamoja na baadhi ya watu wake. Jina lake limo vitabuni. Ya wenziwe ni nadra kuyakuta.

Hali ya wapagazi ilikuwa nzito zaidi. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, na barabara za magari zilikuwa chache, kwa hiyo unga, risasi na majeruhi vilibebwa na binadamu. Kila mmoja alitwikwa mzigo wa kilo 25 hivi. Askari aliye mbele hakula ila kwa kichwa cha mpagazi. Bara na pwani zilitoa watu, na Unguja nayo ilitoa wake. Wengine walikwenda kwa ujira, wengi walichukuliwa kwa nguvu. Wapagazi wa upande wa Waingereza pekee walipindukia 400,000. Waliouawa na risasi ni wachache kuliko waliouawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na unga uliopikwa nusu. Jeshi lao liliitwa Carrier Corps, nasi kwa ndimi zetu tukapata Kariakoo. Leo watu hununua ndizi na vitenge katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, mahali walipopiga kambi wapagazi hao, na wachache hukumbuka jina hilo limetoka wapi.

Baada ya vita, makaburi ya Wazungu yalijengewa mawe yenye majina. Ya wapagazi, mengi yaliachwa yamezwe na pori, na badala yake zikajengwa sanamu za jumla Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi Aprili mwaka huo.

Radhi ni jambo jema, lakini haimrudishii mtu jina lake. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Na utamshukuruje mtu usiyemjua? Tume imeanza kuyatafuta majina katika daftari za zamani. Mengine hayamo katika daftari la serikali yoyote. Yamo katika masanduku ya familia zilizohamia Muscat, Dubai, London na kwengineko: barua za hati ya Kiarabu, nasaba zilizoandikwa pembezoni mwa msahafu, kauli ya bibi kwamba fulani "alikwenda Kariakoo asirudi".

Tunawaomba wasomaji wetu wayaandike hayo kabla wazee hawajatangulia mbele ya haki: jina la mtu, la babake na la babu yake, mji aliotoka, na mwaka alioondoka ikiwa unajulikana. Hata jina moja lisilo na mwaka lina faida kwa mtafiti, na lina haki kwa mwenyewe.