Reli ya Tatu: Treni Kali Iliyokosa Pa Kupita

Kila nyumba ina ile droo ya chaja zilizostaafu. Nyingine pini nene, nyingine pini nyembamba, na kuna moja hata hukumbuki ilikuwa ya simu gani. Nzima kabisa, ila simu uliyonayo sasa haina tundu lake.

Basi kuna watoto Uingereza yaliwakuta hayohayo miaka ya 1950 na 1960, ila wao kwenye droo hawakuwa na chaja. Walikuwa na treni.

Naongelea treni za kuchezea za umeme, zile unapanga reli juu ya meza au sakafuni, unachomeka transfoma, kichwa kinaondoka na mabehewa yake. Kwa wenzetu hii siyo ishu ya watoto tu. Kuna watu wazima wametenga chumba kizima kwa ajili yake, na mke kashazoea.

Kitu cha Liverpool

Mwaka 1938 kampuni ya Meccano ya Liverpool ilitoa treni ndogo iitwayo Hornby Dublo. Jina la Hornby ni la mwanzilishi, Frank Hornby, aliyefariki 1936 bila kuiona ikiingia dukani. "Dublo" ni utani wa kutamka 00, yaani saizi yenyewe. Upana kati ya reli na reli ulikuwa milimita 16.5, na mota ilikula volti 12.

Vichwa vyake vilikuwa vya chuma, vizito mkononi. Na kwenye treni uzito ni mali, kwa sababu gurudumu linakandamiza reli, halitelezi, na kichwa kinavuta msururu wa mabehewa bila kulalamika. Waliokuwa navyo walijua wana kitu.

Sasa angalia chini. Dublo ilikuwa na reli tatu. Umeme uliingia kupitia reli ya katikati, ambako kipande cha chuma chini ya kichwa kilikuwa kinajiburuza kuuchota, kisha ukarudi kupitia reli mbili za pembeni. Mfumo huu una raha yake. Magurudumu yanaweza kuwa chuma kitupu, na unaweza kupinda njia hadi ijirudie yenyewe bila kupiga shoti. Ubaya ni macho tu: treni halisi haina reli katikati.

Anakuja dogo wa plastiki

Vita Kuu ya Pili ilikatiza mambo, lakini Dublo ilirudi baada ya vita. Halafu Krismasi ya 1950 maduka ya Marks & Spencer yakaweka rafuni treni ya kampuni ndogo iitwayo Rovex. Mwaka uliofuata Rovex ikanunuliwa na Lines Bros, matajiri wa vitu vya kuchezea, na treni zake zikaanza kuuzwa kwa jina la Tri-ang.

Tri-ang ilikuwa ya plastiki na bei yake ilikuwa ya chini. Reli zake zilikuwa mbili tu, kama treni ya kweli.

Hapa ndipo patamu. Upana wa reli ni uleule, milimita 16.5. Volti ni zilezile 12. Ungesema hawa ndugu watapatana. Thubutu!

Kwenye reli mbili, upande mmoja unapeleka umeme na mwingine unarudisha, kwa hiyo gurudumu la kulia na la kushoto lazima vitenganishwe na kitu kisichopitisha umeme. Kichwa cha zamani cha Dublo ni chuma huku na huku. Ukikiweka kwenye njia ya Tri-ang kinaunganisha reli zote mbili, shoti hapohapo. Geuza sasa: kichwa cha Tri-ang kwenye njia ya Dublo kinakaa kimya, kwa kuwa reli zote mbili inazozikanyaga ni za kurudisha umeme. Hata ndoano za kuunganishia mabehewa hazikushikana.

Fikiria mjomba anayetaka kumnunulia mtoto zawadi. Hawezi kuchagua treni kwa uzuri wake. Anatakiwa aulize kwanza, "Nyumbani kuna reli gani?"

Tri-ang nao hawakuwa malaika. Vichwa vyao vilikuwa vyepesi na viliteleza, wakabuni sumaku ya kusaidia magurudumu yang'ang'anie reli. Akili kubwa, ila sumaku inashika reli ya chuma kinachovutwa na sumaku tu. Ukiwa na reli za shaba nyeupe, sumaku haina kazi.

Kuchelewa nako ni gharama

Meccano walibaki njia panda. Wakihamia reli mbili, watoto waliokwisha nunua reli tatu watalia. Wakibaki, wateja wapya wanaenda kwa jirani. Mwaka 1959 wakaingia reli mbili bila kuacha zile tatu. Kwa hiyo kiwanda kimoja, mifumo miwili, na muuza duka anajaza rafu mara mbili. Mabehewa yenye magurudumu ya plastiki tu ndiyo yalipita kokote bila maneno.

Mwaka 1964 Lines Bros wakainunua Meccano. Mwaka 1965 treni zikaanza kuitwa Tri-ang Hornby, na zikatolewa hadi reli na behewa maalumu za kuunganisha mfumo mmoja na mwingine, yaani kama zile adapta zetu. Lakini reli tatu ndiyo ilikuwa imeagwa.

Usikimbilie kusema reli tatu zilikuwa ushamba. Ujerumani, Märklin walianza na reli ya katikati tangu 1935. Wao wakaificha: ikawa vinundu vidogo vya chuma juu ya mataruma, huvioni mpaka uiname. Mpaka leo wanauza mfumo huo, na vichwa vingi vya babu bado vinatembea kwenye reli za mjukuu. Waliboresha sura bila kumfungia mlango mteja wa zamani.

Na Liverpool? Lines Bros nayo ilianguka 1971. Mwaka 1972 jina la Tri-ang likaondolewa kwenye treni, likabaki Hornby peke yake. Yaani treni za mshindi ndizo zinazotembea hadi leo na jina la aliyeshindwa.

Vile vichwa vya chuma bado vipo kwenye madroo ya wazee huko Uingereza. Ukimpata mwenye reli tatu, mafuta kidogo, kinaondoka.

Haya, kwenye droo yako kuna kitu gani kizima kisicho na pa kuchomeka? Shusha komenti tucheke wote.