Walipoondoka Willy Gamba na Joram Kiango

Hadithi za mfululizo zina mkataba usioandikwa. Mwandishi huahidi kwamba mhusika wake atarudi, na msomaji huahidi kumsubiri. Mkataba huo unapovunjika, kwa hiari ya mwandishi au kwa mauti, msomaji hubaki na dai lake mkononi. Historia ya riwaya yetu haijalisikiliza vya kutosha dai hilo.

Kwingineko limesikilizwa. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle, aliyekwisha kuchoshwa na Sherlock Holmes, alimwua katika jarida la The Strand. Wasomaji walihamaki, na wengi wakaacha kulinunua jarida hilo. Miaka kumi baadaye mwandishi alilazimika kumfufua mpelelezi wake. Robert Jordan, bingwa wa riwaya za fantasia wa Marekani, alifariki mwaka 2007 akiwa hajaumaliza mfululizo wa The Wheel of Time. Akateuliwa Brandon Sanderson, naye akautia kikomo mwaka 2013. Kwa wenzetu, kilio cha msomaji kina mlango wa kubisha.

Je, sisi tulibisha wapi? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, akamsindikiza hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi huyo alifariki mwaka 1991. Huku Bara, Elvis Musiba alimzindua Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na Ben Mtobwa akafuata na Joram Kiango wake.

Wahusika hao hawakupendwa kwa bastola peke yake. Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Karani aliyeshuka basi Posta ya Zamani asubuhi alipita mitaa ileile waliyopita wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Afrika Kusini. Willy Gamba alimwambia karani huyo kwamba mji wake ni uwanja wa mapambano makubwa, na kwamba Mwafrika anaweza kuwa shujaa wa kisa cha kijasusi bila kuazima jina la Kizungu.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa miongoni mwa walioviona vitabu hivi kuwa magugu. Darasani nilivinyang'anya. Kimoja nilikikuta chini ya dawati, hakina jalada wala kurasa za mwisho, kimeshikwa na mikono mingi. Nilikipeleka nyumbani nikakisoma usiku kucha. Siku ya pili mwanafunzi wangu hakuniomba radhi, aliniuliza, "Mwalimu, shikamoo. Nawe umefika palipokatika?" Kisha akanisimulia mwisho wa kisa, kama alivyousikia kwa mwenzake. Niliona haya, kwani kijana huyo alikuwa akifanya kwa hiari kile nilichoshindwa kumfanyisha kwa kiboko.

Mtobwa alipoandika Zawadi ya Ushindi, kisha Dar es Salaam Usiku mwaka 1990, bila Joram Kiango, niliona wasomaji wakigawanyika. Walimu tulifurahi: mwandishi amekomaa, tukasema. Vijana walinung'unika na kuuliza Joram yuko wapi. Leo naona kwamba kila upande ulikuwa na haki yake. Mwandishi si mtumwa wa mhusika wake. Lakini manung'uniko yale yalikuwa ushahidi wa mapenzi, na lugha isiyo na wasomaji wa kunung'unika imo hatarini.

Mwaka 1994 ubaguzi wa rangi ulianguka Afrika Kusini, na Kamati ya Ukombozi ikafunga kazi yake. Maadui wa zamani wa Willy Gamba wakatoka jukwaani. Mtobwa alifariki mwaka 2008, Musiba mwaka 2010. Katika muda wa miaka miwili tukawapoteza wote wawili. Wasomaji niliowajua hawakuandamana wala kuandika barua. Waliinamia tu vitabu vilivyotandazwa kandokando ya barabara, Posta na Kariakoo, wakiuliza kama kuna nakala iliyobaki. Hayo ndiyo yaliyokuwa maombolezo yao.

Hatukuwaandalia warithi, na sababu mojawapo tuliishika sisi walimu. Tuliziita kazi hizi fasihi pendwa kwa sauti ya dharau, kana kwamba kupendwa ni kasoro. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao, nasi tukawanyang'anya watazamaji.

Deni hilo bado laweza kulipwa. Vitabu vichapwe upya na viingie maktaba za shule. Mwalimu wa leo awape wanafunzi kisa kilichokatika, awaombe wakiendeleze kwa kalamu zao. Kama ningekuwa bado darasani, ningeanza na yule kijana wa dawati la nyuma. Alikwisha kuanza kazi hiyo. Mimi nilimrudishia daftari la sarufi, kitabu chake nikabaki nacho.