Mbio Zilizochelewa Kufika Kericho

Tarehe 16 Oktoba 1964, mjini Tokyo, Wilson Kiprugut arap Chumo, mzaliwa wa Kericho, alimaliza wa tatu katika fainali ya mita 800. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, nchi ambayo ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru.

Picha za michezo hiyo zilirushwa kwa setilaiti hadi Marekani. Kericho hazikuonekana. Televisheni ya Kenya ilikuwa imeanza mwaka 1962, na mtambo wake wa Limuru uliwafikia watu wa Nairobi na viunga vyake tu. Kwenye vilima vya chai, habari za ushindi zilikuja kwa redio na magazeti. Miaka minne baadaye, huko Mexico, Kiprugut alipata medali ya fedha nyuma ya Ralph Doubell wa Australia. Safari hiyo pia, watu wa kwao waliishia kusimuliwa. Kituo cha Longonot, chenye uwezo wa kunasa mawasiliano ya setilaiti kutoka ng'ambo, kilifunguliwa mwaka 1970.

Mawimbi ya televisheni yalipofika Kericho, umeme ulikuwa bado. Makampuni makubwa ya chai yalijizalishia umeme kwa maji ya mito, na viwanda vyao vilinguruma usiku kucha, ilhali vijiji vya jirani viliwasha koroboi. Kwa hiyo runinga ya kijijini ilitegemea betri ya gari. Ikiisha moto, ilifungwa kwenye keria ya baiskeli ikapelekwa senta kuchajiwa, na ikirudi mwenye nyumba aliitumia kwa uangalifu: taarifa ya habari, vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, kisha riadha. Majirani walijaa sebuleni, watoto wakiketi sakafuni mbele ya wote. Nje, kijana alizungusha mlingoti wa antena akiuliza kwa sauti kama picha imetulia. Ushindi wa mwanariadha ukawa jambo la kushuhudiwa na kijiji kizima kwa pamoja, na kubishaniwa kesho yake kwenye kituo cha kupimia majani.

Mwaka 2015 ulileta mambo mawili. Matangazo ya analogia yalizimwa, na asiyekuwa na king'amuzi akabaki na kioo kitupu. Serikali nayo ilianza mradi wa kuunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Nyumba nyingi zilipata mwanga. Zilizokuwa mbali zaidi ziliendelea kungoja.

Pengo hilo lilijulikana nchi nzima Agosti 2024, wakati wa Olimpiki ya Paris. Katika mita 5,000, Beatrice Chebet, mzaliwa wa Kericho, alimpita Mkenya mwenzake Faith Kipyegon karibu na utepe akatwaa dhahabu. Siku nne baadaye akaongeza dhahabu ya mita 10,000, na kesho yake Kipyegon akashinda mita 1,500 kwa Olimpiki ya tatu mfululizo. Lakini nyumbani kwa wazazi wa Kipyegon, Kuresoi Kusini, jirani na Kericho na Bomet, hapakuwa na umeme wa kuwashia runinga. Baba yake aliwaeleza wanahabari shida hiyo. Rais akatoa agizo, na baada ya siku chache nyaya zilikuwa zimefika.

Kiprugut alifariki Novemba 2022. Oktoba 2023 Kenya iliadhimisha Siku ya Mashujaa Kericho, katika uwanja wenye jina lake, na sherehe zikatangazwa moja kwa moja. Heshima hiyo alistahili. Hata hivyo, yaliyotokea Kuresoi yanatufundisha kwamba runinga ina nguvu ya kuisukuma serikali ikitendee haki kijiji kimoja, huku vijiji vingine visivyo na bingwa vikisahaulika. Umeme ni haki ya kila mwananchi. Mkulima wa chai asilazimike kuzaa bingwa wa dunia ndipo aunganishiwe.