Zein l'Abdin: udi safi, maneno wazi

Mpenzi wa taarab aliyezoea kumsikia Zein l'Abdin kwenye kaseti za harusi, akiiweka albamu ya The Swahili Song Book atahisi kama amehamishwa chumba. Hakuna vigelegele wala spika inayokwaruza. Udi uko mbele, na nyuma yake kuna sauti ya mtu mzima asiye na haraka.

Zein alizaliwa Lamu mwaka 1939, kisha akafanya maskani Mombasa, ambako alitambulika kuwa bingwa wa udi. Alikuwa pia miongoni mwa wachache waliobaki na ujuzi wa kibangala, ala ya kale ya kwetu. Mwaka 1990 GlobeStyle ya London ilitoa Mtindo wa Mombasa, albamu ya kundi lake. The Swahili Song Book ilifuata baadaye kupitia Dizim ya Ujerumani, mwenyewe akiwa na umri wa takriban miaka 60.

Wako wanaosema taarab ikisafishwa hivi hupungua utamu. Wana hoja. Wimbo wa harusini hukamilishwa na waliohudhuria: huyu anainuka kutunza, yule anajua fumbo limemlenga nani. Studio haina watu hao.

Lakini Zein hakuwa mwimbaji wa sherehe tu. Alishirikiana na mshairi na mtafiti Ahmed Sheikh Nabhany, na akazitia sauti tungo kongwe za Lamu. Tungo hizo zina maneno ya Kiamu ambayo vijana wengi wa leo hawayajui. Ukumbini, neno moja likimezwa na kelele, ubeti mzima umepotea. Kwenye albamu kila kina kinasikika, na asiyeelewa anaweza kurudia mpaka aelewe.

Kwa hivyo usafi huu tusiuone kuwa urembo wa kuwafurahisha wageni. Ni hifadhi ya lugha yetu.

Zein alifariki 2016 na Sheikh Nabhany akamfuata 2017, Mola awarehemu. Wa kuulizwa maana wanazidi kupungua. Mwenye mzee nyumbani anayekijua Kiamu, na amkalishe siku moja, amwekee nyimbo hizi ubeti kwa ubeti, na kila neno gumu aliandike pamoja na maana yake. Sauti tumeshawekewa, maana bado imo vifuani mwa wazee.