Kalenda ya Wanyama wa Mwaka wa Mwezi (Musoma, Bunda na Butiama)

Kalenda ya wanyama wa mwaka wa mwezi ni kalenda ya ukutani yenye picha, inayoupa kila mwaka mnyama mmoja kati ya 12 wa hesabu ya Kichina: panya, ng'ombe, simbamarara, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, nyani, jogoo, mbwa na nguruwe. Isichanganywe na nyota za falaki kama Hamali, Thauri na Asadi, ambazo hufuata jua na kuugawa mwaka mmoja mafungu 12. Hizo Watanzania wengi walizizoea kupitia Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011.

Mwezi huandama kila baada ya siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo miezi 12 hutimiza siku 354. Waislamu huuacha mwaka hivyo hivyo, na ndiyo sababu Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Wachina huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, ili mwaka wao mpya usitoke nje ya kipindi cha mwishoni mwa Januari na Februari. Mwaka wa farasi ulianza 17 Februari 2026. Mwaka mpya wa Kichina siku zote huingia wakati wa giza, mwezi usipoonekana kabisa.

Kwa Musoma, giza hilo ni jambo la riziki. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria huwavuta kwa mwanga, zamani wa karabai na sasa zaidi wa taa za sola na betri. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu; mitumbwi hupumzika ufukweni, akina mama wanaoanika dagaa hukosa kazi na bei hupanda sokoni. Kalenda inayoonyesha mwezi mchanga, mwezi mpevu na siku za giza ni chombo cha kazi kwa mvuvi, kwa mwanikaji na kwa mchuuzi anayepeleka magunia Bunda. Mchoraji anayeweka picha kubwa ya farasi kisha akaiacha hali ya mwezi amewanyima wanunuzi hawa kitu walichokihitaji zaidi.

Uchapaji wenyewe unajulikana. Kazi ndogo hutolewa kwa printa katika maduka ya steshenari. Kazi ya nakala nyingi huenda kwenye mitambo ya ofseti, ambako kila rangi kati ya nne huwa na sahani yake, na gharama ya kila nakala hushuka kadiri idadi inavyoongezeka. Picha zisichotwe tu mtandaoni, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 huwalinda wachoraji. Ni vyema pia kumpa kazi kijana wa hapa, maana mbuzi na jogoo wa Butiama anawajua kwa kuwaona.

Kuna picha zinazohitaji busara. Waislamu, na Wasabato ambao ni wengi mkoani Mara, hawali nguruwe, na wapo wasiopenda kumtundika sebuleni. Wengine watahofu kwamba kalenda ni ya uaguzi. Maelezo mafupi ya hesabu ya mwezi yachapwe wazi, na utabiri wa bahati uachwe.

Msimu wa kuuza kalenda ni Novemba hadi Januari, kisha bei huporomoka. Kalenda hii ya wanyama ina msimu wa pili, Februari, mwaka wa mnyama mpya unapoanza. Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari, hivyo stendi yake hufikisha bidhaa mbali. Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na wageni huongezeka Siku ya Nyerere, 14 Oktoba. Mwalimu alizaliwa hapo 13 Aprili 1922, mwaka wa mbwa kwa hesabu hii. Ziara yake ya kwanza China, Februari 1965, ilifanyika muda mfupi baada ya mwaka wa nyoka kuanza.

Mwaka wa mbuzi utaingia 6 Februari 2027. Anayetaka kuuza kalenda yake Butiama siku ya 14 Oktoba 2026 aanze kuchora mapema, na hali ya mwezi aipange kwanza kabla ya mnyama.