Stauti ya Pipa: Ladha Iliyozaliwa na Sheria ya Wiski

Stauti ni bia nyeusi inayopikwa kwa kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, ambacho sehemu yake hukaangwa kama buni mpaka ikaribie rangi ya makaa. Katika London ya karne ya 18 neno hilo lilitaja ukali wa kileo wala si rangi, na weusi wa leo unatokana zaidi na kazi ya Daniel Wheeler, ambaye mwaka 1817 alipata hataza ya chombo cha chuma kinachozungushwa juu ya moto ili kimea kikaangwe bila kuungua.

Bia ya London ililazwa kwa miezi mingi katika matangi ya mbao yaliyokuwa makubwa kama nyumba. Tangi moja la kiwanda cha Meux lilipopasuka tarehe 17 Oktoba 1814, mafuriko yake yaliua watu wanane. Hata hivyo mbao hizo hazikutakiwa kuitia bia ladha yoyote, na wapishi wa bia wa Uingereza waliukwepa mwaloni wa Marekani kwa sababu uliacha harufu yake katika kinywaji, wakachagua ule wa pwani za Baltiki. Kasoro waliyoikimbia ndiyo inayotafutwa sasa kwa bei kubwa.

Mageuzi hayo yalitokana na sheria. Baada ya marufuku ya vileo kuondolewa Marekani mwaka 1933, kanuni za serikali zilizofuata ziliagiza kwamba wiski ya bourbon ilazwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, hivyo pipa lenye ujazo wa lita 200 hivi, likishatumika mara moja, halifai tena kwa bourbon na huuzwa kwa wengine. Mjini Chicago, Greg Hall, mpishi mkuu wa bia wa Goose Island, kiwanda kilichoanzishwa na baba yake John Hall mwaka 1988, alikutana na Booker Noe wa kiwanda cha bourbon cha Jim Beam katika karamu huko Indiana, akapata mapipa ya namna hiyo na kuyajaza stauti kali. Kampuni kwa miaka mingi ilitaja 1992 kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa stauti hiyo, iitwayo Bourbon County Stout, lakini mwandishi wa habari Josh Noel, katika kitabu chake cha mwaka 2018, alionyesha kwamba ushahidi unaelekea 1995, na hoja zake zina uzito kuliko kumbukumbu zilizosimuliwa baadaye.

Ndani ya pipa, joto la kiangazi huipanua bia ikapenya mbao, na baridi kali ya Chicago huirudisha ikiwa imebeba mabaki ya wiski pamoja na kile ambacho moto ulikifanya katika mti. Lignini, kiungo kinachoshikamanisha nyuzi za mbao, huvunjika kwa kuchomwa na kutoa vanilini, ambayo ni harufu ileile ya vanila, ilhali kemikali ziitwazo laktoni, zilizo nyingi katika mwaloni mweupe wa Marekani, hunukia nazi. Ikimiminwa, povu lake la kahawia hutoweka upesi, ukingo wa glasi hubaki na utando mzito, na ulimi hukutana kwanza na utamu wa chokoleti, kisha nazi na vanila, ndipo kileo cha asilimia 13 au zaidi kikapasha koo joto.

Mwaka 2011 Goose Island iliuzwa kwa kampuni kubwa ya bia ya Anheuser-Busch, lakini wakati huo viwanda vidogo vingi vilikuwa vimekwisha kuiga njia yake.

Katika baa za Kenya na Tanzania mhudumu huuliza kama mteja anataka bia ya baridi au ya moto, na hiyo ya moto ni ile tu ambayo haikutoka kwenye friji. Kwa stauti ya pipa jibu liko katikati, kwani baridi kali huifumba harufu ya mbao, nayo hufunguka vizuri katika nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi.